Mkono uliomo ndani ya kitenzi "occupy"

Ukipanda daladala ukakuta mkoba umewekwa kwenye siti, unauliza, "Hapa kuna mtu?" Ukigonga mlango wa choo cha stendi, aliye ndani anakohoa au anaitika, "Kuna mtu!" Rafiki uliyemtafuta mchana kutwa anakuambia usiku kwamba alikuwa ametingwa na kazi. Mwenye nyumba anamweleza dalali kuwa chumba cha uani kina mpangaji. Na taarifa ya habari ya saa mbili usiku inataja ardhi inayokaliwa kwa mabavu. Kwetu hayo ni mambo matano yasiyo na undugu. Kwa Kiingereza yote yanaingia katika kitenzi kimoja: occupy.

Nimekuwa nikifasiri nyaraka kutoka Kiingereza kwa miaka kadhaa sasa, na sijui kitenzi kilichonisimamisha mara nyingi kama hiki. Si neno adimu. Liko kwenye mikataba ya pango, kwenye ripoti za hospitali, kwenye habari za vita, kwenye fomu zinazouliza kazi yako ni ipi. Shida ni kwamba kila linapotokea lazima niweke kalamu chini nijiulize: hapa nani ameshika nini? Nilipoanza kufuatilia asili yake ndipo nikaona kwamba swali hilo limo ndani ya neno lenyewe tangu siku ya kwanza.

Kuwahi na kushika

Asili yake ni Kilatini, occupare. Kitenzi hicho kimeundwa kwa vipande viwili. Cha mwisho ni capere, yaani kushika, kukamata, kutwaa. Cha mwanzo ni ob, kiambishi cha kuelekea au kukabili kitu, ambacho hapa kinatia mkazo. Herufi yake ya b imegeuka c kwa kuvutwa na c inayoifuata. Ukiviunga unapata kukishika kitu barabara, na mara nyingi kukishika kabla mwenzako hajakifikia. Jeshi lililopanda kilima mapema likamwacha adui bondeni lilielezwa kwa kitenzi hicho. Hata mtu aliyekuwa wa kwanza kutenda jambo fulani, Warumi waliweza kusema ame-occupare kulitenda.

Kiswahili kina neno linalokaribia hapo kwa namna ya kushangaza, nalo ni kuwahi. "Niwahie siti ya dirishani." "Amewahi kiwanja cha barabarani." Ndani ya kuwahi mna muda na mna mali kwa pamoja: umefika mapema, kwa hiyo umepata. Kama Mrumi wa zamani angetaka kujifunza Kiswahili, ningemwanzishia somo hapo.

Ukoo wa capere ni mkubwa. Maneno ya Kiingereza ya mateka na utekaji, captive na capture, yametoka humo. Accept na receive, kukubali na kupokea, yana mkono uleule unaoshika. Prince ni yule aliyeshika nafasi ya kwanza. Na ukienda nyuma zaidi ya Kilatini, kwenye mzizi wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya ambao wataalamu huuandika kap, unakuta kwamba mzizi huo ulishuka pia kwa upande wa lugha za Kijerumani, k ikawa h na p ikalainika, mpaka ukazaa have. Kwa hiyo Mwingereza anaposema tu kwamba ana kitu, tayari anatumia ndugu wa mbali wa occupy.

Wanasheria wa Roma walilipa neno hili kazi maalumu. Occupatio ilikuwa njia ya kupata umiliki wa kitu kisicho na mwenyewe. Samaki baharini, ndege angani, mnyama wa porini: ni mali ya atakayemkamata kwanza. Kanuni hiyo imo katika vitabu vya sheria alivyovitoa Mfalme Justinian mwaka 533, pamoja na ufafanuzi ambao mvuvi yeyote wa Bagamoyo angeuelewa bila mwalimu: mnyama akikuponyoka akapotea machoni pako, si wako tena, anarudi kuwa wa yeyote atakayemwahi. Naomba msomaji aishike kanuni hii ya samaki, kwa sababu itarudi baadaye mahali pabaya.

Kazi inapokuwa ndiyo inayoshika

Mpaka hapa mtu ndiye anayeshika. Lakini Kilatini, kama lugha yetu, kiliweza kukigeuza kitenzi kikawa cha kutendwa, na hapo ndipo maana ya shughuli ilipozaliwa. Occupatus ni aliyeshikwa. Nani amemshika? Kazi, kesi, wageni, madeni, tamaa. Mwanafalsafa Seneca, aliyeandika katikati ya karne ya kwanza, aliwachambua sana watu aliowaita occupati. Malalamiko yake yalikuwa kwamba mtu aliyeshikwa namna hiyo hana jambo analolifanya kwa uchache kama kuishi; siku zake zimetwaliwa na wengine, naye anadhani ni zake.

Hebu sasa tusikilize tunavyosema sisi. Nimebanwa. Nimetingwa. Kazi imenishika. Ametekwa na mawazo. Simu imemteka mtoto. Kila mara kuna kitu kinachoshika na mtu anayeshikwa. Na tukitaka kukataa mwaliko tunasema, "Sina nafasi," neno ambalo kwetu ni mahali na ni muda kwa wakati mmoja, kana kwamba siku ni chumba na watu wamekwisha kukijaza. Katika jambo hili Kiswahili na Kilatini vinafikiri pamoja, ingawa havikuwahi kukaa nyumba moja.

Neno letu la heshima kwa hali hiyo, shughuli, lilikuja na Kiarabu, kwenye mzizi wa sh-gh-l. Mwarabu husema mashghul kwa mtu mwenye kazi nyingi na kwa simu inayotumika pia. Sisi tulilichukua tukalipa watoto wengi: kushughulika, kushughulikia, kushughulisha, kujishughulisha. Dar es Salaam tukaongeza maana ambayo sidhani kama Mwarabu angeitambua: ukisikia "leo kwa mama fulani kuna shughuli", jua ni sherehe, na kwamba kutakuwa na sare, muziki na sinia za pilau.

Kiingereza chenyewe, kabla ya occupy kufika, kilikuwa na neno lake la nyumbani kwa mambo haya. Ni busy, ambalo katika Kiingereza cha kale liliandikwa bisig na lilikuwa na kitenzi chake, bisgian. Waholanzi wanalo pia, bezig. Kitenzi hicho kilibeba kushughulisha pamoja na kusumbua na kutia wasiwasi, na nomino yake, iliyokuja kuwa business, ilianza ikiwa na maana ya wasiwasi kabla ya kufika sokoni. Tahajia ya u inayosomwa i imebaki kama kovu: maandishi yalifuata lahaja moja ya Uingereza, matamshi yakafuata nyingine. Vijana wetu waliosema "niko bize" wamelifuata sikio, wakaliandika vizuri kuliko Waingereza.

Hapa nitoe onyo moja dogo, maana nimelisikia kosa hili hata kwa watu wasomi. Biashara haikutoka kwenye business. Ni Kiarabu tupu: bai, kuuza, na shira, kununua, vilivyoshikamana vikawa neno moja. Kufanana kwa sauti ni bahati tu. Neno hili litatufaa muda si mrefu.

Occupy lilipita Ufaransa, likiwa occuper, likaingia Kiingereza katika karne ya 14. Liliingia na mizigo yote: kutwaa mahali, kukaa mahali, kushika cheo, kutumia kitu, kufanya kazi, kujaza muda. Kati yake na busy pakawa na mgawanyo ambao mfasiri lazima auhisi. To busy oneself ni kujishughulisha kwa kujitakia: bibi anayepangua na kupanga vyombo ili wageni wasione kwamba ana mawazo. To be occupied ni kwamba kitu kimekujaa. Mtu wa kwanza anatafuta la kufanya. Wa pili hana pa kuweka jingine.

Upande wa huruma wa neno uko hapa pia. Mwaka 1917, katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, msanifu majengo aitwaye George Barton, ambaye upande wake wa kushoto ulikuwa umepooza, aliwakutanisha watu wachache waliokuwa wakiamini kwamba mgonjwa hupona vizuri zaidi mikono yake inapopewa kazi yenye maana: kusuka, kuchonga, kulima bustani. Wakaanzisha chama, na fani yao, occupational therapy, yaani tiba kwa njia ya kazi, ikabeba jina la occupation. Lugha ilikuwa imesema kwa karne nyingi kwamba kazi inamshika mtu. Wao walikuwa wanasema kwamba mtu aliyevunjika anaweza kuokolewa kwa kushika kazi.

Neno lililofukuzwa mezani

Sasa kuna kisa ambacho vitabu vya shule hukiruka. Katika karne ya 15 na ya 16 Waingereza walianza kulitumia occupy kwa tendo la ndoa, au tuseme kwa mwanamume kumwingilia mwanamke. Si vigumu kuona lilikotokea: neno la kutwaa na kukalia likapelekwa kitandani. Mwanzoni lilikuwa tafsida, namna ya kusema bila kusema. Lakini tafsida ikizoeleka huchafuka kuliko jambo lenyewe, na hili lilichafuka kweli.

Shakespeare alilinasa. Katika sehemu ya pili ya tamthilia yake ya Mfalme Henry wa Nne, mwanamke wa kilabuni aitwaye Doll Tearsheet anagomba kwamba wahuni wataliharibu neno la kapteni kama walivyoliharibu occupy, ambalo lilikuwa neno zuri kabisa kabla halijaingia kwenye kundi baya. Maneno hayo yamo katika chapa ya mwaka 1600. Katika mkusanyo mkubwa wa 1623, utajo wa occupy umeondolewa, na kapteni amebaki peke yake. Ben Jonson naye, mwandishi wa tamthilia wa zama zilezile aliyefariki 1637, aliacha maandishi akiwalaumu watu ambao kwa uchafu wa fikra zao wanayakataa maneno yanayofaa, na mfano wake wa kwanza ni hilohilo.

Watu waliliepuka kiasi gani? Wahariri wa kamusi kuu ya Oxford walihesabu mifano waliyokuwa wameikusanya. Ya karne ya 16 ilikuwa 194. Ya karne ya 17, ukiitoa Biblia ya 1611, ilikuwa 8. Ya karne ya 18 ilikuwa 10, na yote ilitoka katika miaka 33 ya mwisho ya karne hiyo. Kwa muda wa zaidi ya miaka 150 kitenzi cha kawaida kabisa, cha kulimia na kufanyia kazi na kukalia nyumba, kilikaribia kutoweka kwenye maandishi kwa sababu watu waliona haya.

Anayekulia ndani ya Kiswahili hawezi kushangaa. Wazee wa pwani walisema mvua inakunya, na hawakuwa na ubaya wowote moyoni. Leo wengi wetu tunasema inanyesha, kwa sababu kunya kumebaki na maana moja ambayo haitajwi mbele ya wakwe. Kutia nako kunaelekea hukohuko: kitabu cha mapishi cha zamani kinasema tia chumvi, lakini mwalimu wa darasa la saba mjini atasema weka, akijua kabisa darasa litacheka akithubutu lile lingine. Lugha hupoteza maneno mazuri namna hii kila siku. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba occupy lilirudi, na kurudi ni nadra. Sehemu moja halikufutwa hata wakati wa haya kubwa kuliko yote: ndani ya Biblia, ambako kila Jumapili lilisomwa kwa sauti mbele ya watoto.

"Fanyeni biashara hata nitakapokuja"

Luka 19:13. Mtu wa kabaila anasafiri nchi ya mbali, anawaita watumwa kumi, anawagawia mafungu kumi ya fedha, anawaagiza la kufanya mpaka arudi. Kigiriki kinatumia kitenzi cha kufanya shughuli za fedha, chenye mzizi mmoja na neno pragma. Kilatini cha kanisa kinasema negotiamini, kutoka negotium, neno ambalo Warumi walilifahamu kuwa kukosa mapumziko: otium ni wasaa, neg ni kukana. Hata hapo, mfanyabiashara ni mtu asiye na nafasi.

Waingereza walifanyaje? William Tyndale, aliyeifasiri Biblia kwa Kiingereza katika karne ya 16, aliandika nunueni na muuze mpaka nije. Biblia ya Geneva ya 1560 ikaandika "Occupy till I come", na ile ya King James ya 1611 ikayachukua maneno hayo kama yalivyo, kwa sababu wakati huo kitenzi kilikuwa bado na maana ya kufanya biashara na kuizungusha fedha. Maana hiyo baadaye ilikufa. Biblia ilibaki.

Matokeo yake ni kwamba Mwingereza wa leo akisoma sentensi hiyo haielewi sawasawa. Anasikia kaeni hapa, au mtawale mahali, au mshike maeneo. Nimewasikia wahubiri wa Kiafrika wanaohubiri kwa Kiingereza wakisimama juu ya aya hiyo kuwaambia waumini waende wakatwae maeneo. Ni mahubiri yenye nguvu, na siwalaumu. Wamesoma walichokikuta kimeandikwa. Lakini msikilizaji aliye na Biblia ya Kiswahili ya Union Version mapajani mwake tayari amelikuta jibu lililo karibu zaidi na Kigiriki: "Fanyeni biashara hata nitakapokuja." Na kwa kuwa biashara ni kuuza na kununua vilivyounganishwa, watafsiri wetu, kwa kupitia Kiarabu, wakaangukia palepale alipokuwa amesimama Tyndale. Kila ninapokumbuka jambo hili nafurahi upya.

Ile kanuni ya samaki

Lilipopata heshima yake tena, occupy lilirudi likiwa na silaha. Tarehe 26 Februari 1885 mataifa ya Ulaya, pamoja na Milki ya Osmani, yalitia saini mkataba wa Berlin. Sura yake ya sita inahusu masharti ya kufanya "occupations" mpya katika pwani za bara la Afrika: anayetwaa awaarifu wenzake, na aweke mamlaka ya kutosha mahali alipotwaa. Masharti hayo ni maarufu kwa jina la utwaaji wa vitendo. Kesho yake, tarehe 27, Mfalme wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya mkoloni wa Kijerumani Carl Peters juu ya Usagara, Uzigua, Ukami na Nguru.

Msomaji atakumbuka samaki wa Justinian. Neno lililokuwa la kumiliki kisicho na mwenyewe, ndege na mnyama wa porini, lilichukuliwa likawekwa juu ya nchi zenye watu, machifu, makaburi na mashamba. Sioni namna ya kulieleza kwa upole. Kilichofanyika Berlin kilianza kufanyika ndani ya msamiati: kwanza unachagua kitenzi kinachodai kwamba hapakuwa na mtu, ndipo unakuja na ramani.

Miaka 31 baadaye neno lilitua tena kwenye ardhi ileile, safari hii kwenye stempu. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yaliingia Rwanda, Burundi, Kigoma, na mnamo Septemba yakaishika Tabora. Stempu za Kongo zilichapwa maneno juu yake kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi: Afrika Mashariki ya Kijerumani, "occupation belge", "Belgische bezetting". Mtu wa Ujiji aliyeweza kusoma herufi za Kirumi alibandika neno hilo kwenye bahasha yake.

Liangalie lile la Kiholanzi. Bezetting linatokana na kuketi na kuketisha. Mjerumani naye husema besetzt, na analitumia kwa nchi iliyovamiwa, kwa choo chenye mtu na kwa simu inayotumika. Kiswahili cha redio kimechagua picha hiyohiyo: kukalia. Kilatini kiliona mkono, sisi na Wajerumani tumeona makalio. Lakini kwa kuwa kukalia pekee ni jambo la amani, kama kukalia kigoda au mkeka, tumelazimika kuongeza kwa mabavu. Napenda nyongeza hiyo. Kiingereza kinaweza kusema nchi iko occupied kwa sauti ileile ya kusema siti iko occupied, Kiswahili hakiruhusu. Lazima mabavu yatajwe.

Kuna badiliko moja la kisheria ambalo wengi hawalioni. Kanuni za Hague za 1907, katika kifungu cha 42, zinasema eneo huhesabiwa kuwa limekaliwa pale linapokuwa kweli chini ya mamlaka ya jeshi la adui. Na sheria hiyo ya vita haimpi mkaliaji umiliki. Anashika kwa muda, ana wajibu wa kulinda utulivu na maisha ya watu, na nchi inabaki kuwa ya wenyewe. Kwa Mrumi, aliye-occupare samaki amekuwa mwenye samaki. Kwa mwanasheria wa leo, aliye-occupy nchi ameshika kisicho chake. Neno moja, na katikati yake umiliki umeng'olewa.

Nafikiri ni kwa sababu hiyo wanyonge waliweza kulichukua. Tarehe 17 Septemba 2011 watu walipiga mahema Zuccotti Park, jirani na Wall Street mjini New York, kupinga nguvu ya mabenki, wakakaa mpaka polisi walipowaondoa tarehe 15 Novemba. Hawakudai kwamba bustani ni yao. Walikaa tu, na kukaa kukawa hoja. Chama cha Wamarekani wanaochunguza lahaja kililichagua occupy kuwa neno la mwaka huo. Wapo waliolikataa hata ndani ya harakati zenyewe, wakisema kisiwa cha Manhattan kilikwisha kukaliwa karne nyingi kabla, kilipotwaliwa kwa Walenape, wenyeji wake wa asili. Nigeria wakalitumia Januari 2012 kupinga kuondolewa kwa ruzuku ya mafuta. Nairobi ikalitumia Mei 2013 wabunge walipotaka kujiongezea mishahara, na tena Juni 2024, vijana walipoupinga muswada wa fedha na tarehe 25 wakaingia bungeni. Wakenya walilisema kwa Kiingereza, "Occupy Parliament", hata katikati ya sentensi za Kiswahili na Sheng. Hawakulifasiri, na mimi nisingewafasiria. Kukalia bunge kungehitaji kwa mabavu, nao walikuwa wanasema kinyume chake.

Hati ya baba mdogo

Mahali ambapo kitenzi hiki kinamgusa Mtanzania moja kwa moja ni kwenye kabati, ndani ya bahasha ya kaki.

Waingereza walipopewa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa walitunga sheria ya ardhi ya mwaka 1923, wakifuata mfano wa Nigeria ya Kaskazini. Ardhi yote ikawekwa chini ya gavana, na mtu akapewa kitu kiitwacho "right of occupancy". Uhuru ulipokuja gavana aliondoka, kitu hicho kikabaki. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, namba 4 na namba 5 ya vijiji, zinasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachopewa mtu ni haki ya kuishika na kuitumia: ya kupewa, kwa muda usiozidi miaka 99, au ya kimila, ambayo inaweza isiwe na kikomo cha miaka na ambayo sheria inasema ina hadhi sawa na ile nyingine.

Kwa Kiswahili tumeiita hakimiliki. Ya kijijini ni Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Neno miliki ni zito, lina mfalme ndani yake kwa Kiarabu, na linampa mtu uhakika ambao occupancy haijawahi kuutoa. Sisemi lilichaguliwa kwa nia mbaya. Haki ya ukaaji ingesikika kama ya mpangaji, na mkulima aliyerithi shamba kwa babu yake angetukanika. Lakini mtu akisoma miliki halafu akakuta sharti la kuendeleza kiwanja, na kwamba kukitelekeza ni sababu ya haki hiyo kubatilishwa, ana haki ya kuchanganyikiwa.

Baba yangu mdogo alinipigia simu mwaka jana akiwa ameishika hati ya kiwanja chake cha mjini. Ilikuwa imeandikwa miaka 33, na mkononi alikuwa na risiti ya malipo ya serikali, ambayo kama tujuavyo huitwa kodi ya pango la ardhi.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye unayejua Kiingereza. Hapa nimeandikiwa namiliki, na hapa nimelipishwa pango. Mimi ni mwenye kiwanja au ni mpangaji?"

Nikamwambia, "Baba, Kiingereza kinasema wewe ni uliyekishika."

"Nimekishika," akarudia polepole. "Mpaka lini?"

"Miaka 33, kwa masharti yaliyoandikwa humo humo."

Akanyamaza kidogo, kisha akaomba nimsomee masharti hayo moja baada ya jingine, kwa Kiswahili, na nisiruke hata moja. Nikamwambia anipigie picha kurasa zote azitume. Tulianza na la kwanza usiku uleule.